Vidonge na Maziwa ya Baba Mkubwa

"Mama Imakulata, hebu nifahamishe. Chunusi ziko usoni, dawa inakwenda tumboni. Itaijuaje njia ya kupanda?"

Swali hilo aliniuliza jirani yangu Mwanamkuu, siku niliyorudi na binti yangu kutoka hospitali, miaka michache kabla bendera ya Mwingereza haijashuka. Alikuwa amesimama mlangoni kwake, mikono imejaa unga wa maandazi, wala hakuuliza kwa kejeli. Alitaka kujua. Mimi nilikuwa nimekalia benchi la hospitali tangu asubuhi, mgongo unaniuma, nikamjibu kwamba ugali nao hupita mdomoni lakini nguvu zake huonekana kwenye jembe.

"Basi mpake ugali," akasema, akacheka mpaka akajifuta machozi kwa kiwiko.

Ningejua kwamba maswali ya mtaa mzima wa Ng'ambo yalikuwa yamejipanga nyuma ya lile moja, ningeingia ndani nikafunga mlango kwa komeo.

Imakulata alikuwa mtoto wangu wa pekee. Baba yake, marehemu Damas, alifanya kazi karakana ya reli, akafariki mtoto hajajua hata kusoma. Tangu hapo tulikuwa wawili, na Mungu wa tatu. Alipofika umri wa kusuka nywele zake mwenyewe, uso wake ukaharibika. Sisemi vile vipele viwili vitatu ambavyo kila msichana huwa navyo. Nasema majipu madogo yaliyojaa kuanzia paji la uso mpaka chini ya taya, yanatunga usaha, yanapasuka, yanarudi palepale, hata akawa hawezi kulalia shavu. Foronya yake nilikuwa naifua mwenyewe kwa maji ya chumvi, mapema, asiione.

Tulipaka liwa. Tulipaka manjano, akatembea siku nzima kama mwali. Tulipaka asali ya Sikonge, nzi wakamfuata mpaka kwenye misa. Mama mmoja akaniambia mkojo wa mtoto mchanga ndio kiboko yake. Huyo nilimwambia aanze yeye, nami nitafuata.

Hayo yote ningeyavumilia kama si maneno ya Sista. Sista aliyesimamia shule ya wakunga alikuwa amempenda mwanangu kwa utulivu wa mikono yake, na Imakulata hakuwa na ndoto nyingine tangu utoto isipokuwa kupokea watoto wa watu. Lakini Sista alimwambia wazi, bila ukali: "Uso unaotoka usaha siwezi kuuinamisha juu ya kichanga. Pona kwanza. Darasa linaanza baada ya Pasaka. Kama hujapona, nafasi itabidi nimpe mwingine."

Imakulata hakulia. Alirudi nyumbani, akakaa jikoni, akapepeta mchele ambao nilikuwa nimeshaupepeta.

Ndipo nikampeleka hospitali ya serikali. Daktari alikuwa Mhindi wa makamo, Kiswahili chake kizuri kuliko cha baadhi yetu. Akamgeuza uso kwenye mwanga wa dirisha, akamtazama kwa muda, akaagiza vidonge. Vilikuwa na ganda la rangi mbili, nusu nyeusi nusu njano, kama nyigu.

"Hii ni dawa ya kuua vijidudu," akasema. "Vimejificha ndani ya ngozi, dawa ya kupaka haivifikii. Hii inaingia kwenye damu, na damu ndiyo inayoipeleka. Asubuhi na jioni, tumbo likiwa tupu, na maji mengi. Na msije kwangu baada ya wiki kuniuliza mbona. Ni kazi ya miezi."

Mtu akikwambia miezi, wewe mwenye mgonjwa utasubiri. Mtaa hausubiri.

Tena kwetu mtu hanyimwi moto, hanyimwi chumvi, wala hanyimwi dawa. Mwanamkuu akaja, mwanawe Abbasi ana jipu kwapani, akapewa. Mama Tatu akapewa, akakipasua kidonge chake, akauchanganya unga na mafuta ya karanga na kujipaka. Akatokea kisimani na mashavu ya njano, akisema anahisi kabisa dawa inafanya kazi. Mzee Lugembe alimeza kimoja kwa ajili ya mgongo, akatangaza kwamba mgongo ni uleule ila macho yanaona mbali.

"Imakulata," nikamwambia, "hii ni dawa au ni karanga?"

"Mama, ningewaambiaje hapana? Wameomba."

Nikalichukua kopo la vidonge, nikalificha nyuma ya picha ya Bikira Maria. Keshoye Mwanamkuu akaniita kutoka upande wa pili wa ukuta, maana kuta zetu za miti na udongo hazikujua siri: "Shoga! Nasikia dawa sasa inalindwa na Mama Maria mwenyewe?"

"Inalindwa usiifikie wewe!"

"Haya. Muombe basi na rafiki yangu Lugembe amrudishie macho yake ya zamani. Jana kaniona nilivyomuwekea maandazi madogo."

Huyo angalau alinichekesha. Asiyenichekesha alikuwa shemeji yangu.

Shemeji Ambrosi ni kaka mkubwa wa marehemu mume wangu, na kwa mila neno lake juu ya Imakulata lilikuwa neno la baba. Alikuwa mzee wa kanisa, hakosi misa, sauti yake katika litania inasikika mpaka nje. Alifuga ng'ombe Itetemia, na kila asubuhi alikuja mjini kwa miguu kwa ile njia ya zamani ya wapagazi, mkononi fimbo, begani kibuyu cha maziwa cha kutuletea sisi. Wema huo sikuukana wakati ule, wala leo siukani. Lakini Ambrosi hakuwa mtu wa kuleta maziwa akaondoka. Alikaa kwenye kigoda, akammiminia mtoto kikombe mwenyewe, akatazama mpaka aone kitako cha kikombe.

"Shemeji, unahangaika bure na vidonge vya Mhindi," aliniambia. "Chunusi ni mwili unaoita mume. Mpe mume, zitakauka zenyewe."

"Mimi niliolewa na mdogo wako nikiwa nazo, shemeji. Zilihamia nami, zikakaa mpaka nilipopata mimba."

"Unaona? Si zilikwisha?"

Nilitia kuni jikoni.

Mume mwenyewe alikuwa keshampata. Masele wa Usoke, mkulima wa tumbaku, ana nyumba ya bati na baiskeli mbili. Sikuwa na ubaya na Masele, simjui. Lakini mwanangu hakumtaka, naye alimwambia baba yake mkubwa kwa adabu, amepiga magoti, macho chini. Ambrosi akampigapiga begani, akasema, "Ni hizo chunusi zinazosema, mwanangu. Zikikauka utasema mengine."

Desemba ikapita. Uso wa Imakulata haukubadilika hata kidogo. Kila siku namtazama, na kila siku najizuia nisiseme. Mimi si mtu wa kusema haraka. Nilifundishwa na marehemu mama yangu kwamba chungu ukikifunua kila mara hakichemki. Lakini hata mimi nilianza kuhesabu Jumapili zilizobaki mpaka Pasaka, na rozari yangu niliisali nikiwa na hasira, jambo ambalo si zuri.

Kisha Ambrosi akaenda Sikonge kwenye msiba wa mkwewe, mvua ikaikata barabara, akakwama huko. Hatukuwa na maziwa. Tulikunywa uji mtupu saa za mchana. Na katika wiki hizo, taratibu, majipu ya kwenye paji la uso yakaanza kunywea. Kwanza sikuamini macho yangu. Nikamwita karibu na mlango, nikamshika kidevu. Yalikuwa yamelala, yanakauka, hakuna mapya.

"Mama, hayaumi," akaninong'oneza, kana kwamba yangesikia.

Ambrosi akarudi, matope mpaka magotini, na kesho yake kibuyu kikarudi begani. Kabla ya mwezi kuandama mwingine, uso ukavimba tena.

Nilikaa na jambo hilo. Nilichofanya ni kukaa asubuhi pale jikoni na kutazama kila kinachofanyika, kama mtu anayemvizia kuku anayekula mayai yake. Imakulata anaamka. Anasali. Baba mkubwa anabisha hodi. Kikombe kinamiminwa. Imakulata anatoa kidonge, anakiweka ulimini, anakishushia maziwa, kama anavyofanya jioni kwa yanayobaki. Ambrosi mwenyewe anasifu: "Vizuri. Dawa kali inataka kitu cha kuitandikia njia."

Nikarudi hospitali.

"Unammezesha vipi?" daktari akauliza.

"Kama ulivyosema, daktari. Tumbo tupu."

"Hajala kitu?"

"Hajala kitu."

"Hata kipande cha muhogo?"

"Daktari, nimekwambia hajala. Anakunywa maziwa tu."

Daktari akaweka kalamu chini. Akanitazama, akatazama dari, akarudi kwangu.

"Maziwa kiasi gani?"

"Kikombe kikubwa. Ya ng'ombe wetu, mazuri, hayana maji."

"Mama, nilisema tumbo tupu!"

"Ni tupu! Hajala!"

Maana kwetu, na hili mgeni hatalijua asipoambiwa, chakula ni ugali. Mtu anaweza kunywa maziwa asubuhi, akatafuna karanga mchana, jioni akalia kwamba leo sijala. Daktari alipoelewa alijishika kichwa kwa mikono miwili. Akanieleza kwamba maziwa huishika dawa ile tumboni na kuizuia isiingie kwenye damu; vidonge vyote vile tulivyopanga foleni kuvipata vilikuwa vinapita tu na kwenda zao. Maziwa anywe baadaye, saa nyingine, mbali na dawa. Akaniagizia vingine, akaniambia nisimgawie mtu hata mmoja.

Nilitembea mpaka nyumbani nikizungumza peke yangu njia nzima.

Nilianza na ukweli, maana ukweli ndio wa kwanza. Asubuhi ile nikamwambia Ambrosi, kwa heshima zote, kwamba daktari amekataza maziwa asubuhi na jioni.

"Amekataza maziwa yangu?"

"Maziwa yoyote, shemeji. Yanaizuia dawa."

"Daktari amewaona ng'ombe wangu?"

"Hahitaji kuwaona—"

"Ng'ombe ambao marehemu Damas alikunywa maziwa yao akakua! Leo wana sumu?" Akasimama. "Imakulata, njoo hapa. Shika kikombe."

Na mtoto akashika kikombe. Angefanyaje? Alikuwa baba yake mkubwa. Nilibaki na ufagio mkononi, natamani kumfagia mtu nao.

Nikaenda kanisani, nikapiga magoti mbele ya sakramenti, nikasema: Bwana, nimemwambia kweli, hakuisikia. Sitaki kusema uongo. Nifanyeje na mtu huyu na kibuyu chake? Sikujibiwa kwa sauti. Lakini nilipokuwa natoka nikamkuta mtunza sakristia anachoma matawi makavu ya mwaka jana ili kupata majivu ya Kwaresima, nikasimama pale nikiutazama moshi kwa muda mrefu, mpaka akaniuliza kama naumwa.

Nyumbani nikamwuliza Imakulata: "Kwaresima hii utajinyima nini?"

"Bado sijachagua, mama."

"Unaweza kujinyima maziwa? Si kwa mdomo tu. Kumtolea Mungu kweli. Nami nitajinyima pamoja nawe."

Akanitazama, kisha midomo ikaanza kumcheza. "Naweza, mama. Kwa moyo wote."

Jumatano ya Majivu Ambrosi akaja, alama nyeusi ikiwa kwenye paji la uso wake, kibuyu begani. Akatoa tumsifu, tukaitikia milele amina. Alipoanza kumimina nikamwambia, "Shemeji, utusamehe. Mtoto na mimi tumejinyima maziwa, mpaka Pasaka."

Mkono wake ukasimama hewani. Nilimwona akitafuta pa kupita, asipaone. Mzee wa kanisa, na majivu usoni, atamwambia nani avunje sadaka yake?

"Ni vyema," akasema, taratibu sana. "Ni vyema. Lakini na mimi nasema neno. Fungeni, salini, mezeni na hivyo vidonge vyenu. Pasaka ikifika na uso umesafika, mimi si mtu wa kushindana na Mungu: aende kwa masista. Haujasafika, naita watu wa Usoke. Nisisikie tena daktari."

"Nimesikia, mzee!" Mwanamkuu akapaza sauti kutoka upande wa pili wa ukuta. "Masikio yangu ni shahidi!"

"Mama Abbasi, nani kakuita?"

"Ukuta!"

Hivyo tukafunga. Kidonge na maji, maji mengi, alfajiri na jioni. Mwaka ule Ramadhani ya majirani zetu Waislamu iliikuta Kwaresima yetu njiani, na Mwanamkuu aliyekuwa hali mchana kutwa hakuacha kunichokoza: "Mfungo gani huo, mtu anafunga maziwa halafu anakula ugali na mlenda mchana kweupe?" Lakini tangu siku ya ukuta hakuomba tena kidonge. Tena Mama Tatu alipokuja kuomba, ni Mwanamkuu aliyemrudisha mlangoni: "Dawa ya mtoto ina ahadi juu yake. Kwako zimebaki chunusi ngapi? Mbili? Kazizoee."

Sikumtazama mwanangu kila siku. Nilijikataza. Nilimtazama Jumapili tu, tukiwa tunavaa kwenda misa. Jumapili moja usaha umekoma. Nyingine mashavu yameshuka. Jumapili ya Matawi nikambusu shavuni, na hakujikunja. Yalibaki madoa meusi na vishimo vidogo, na daktari alisema hivyo havitaki kidonge, vinataka muda. Akasema aendelee na dawa kidogo bado, kisha aiache. Sista alimgeuza huku na huku kwenye baraza ya shule, akamwambia aje Jumatatu ya baada ya wiki ya Pasaka, na sanduku lake.

Jumatatu hiyo alfajiri Ambrosi akaja, mara ya kwanza tangu Jumatano ya Majivu. Kibuyu kimefungwa ushanga mpya shingoni. Imakulata alikuwa chumbani anavaa, sanduku la bati liko tayari ukumbini. Mwanamkuu alikuwa kwangu, kaja kuaga, kakaa mkekani na saumu yake. Ambrosi aliliona sanduku, akalizunguka kama mtu anayezunguka dimbwi.

"Shemeji," akasema, "Mungu ni mwema. Nimeuona uso wa mtoto jana kanisani. Nimetuma neno Usoke. Watakuja Jumapili."

Nilidhani sikusikia. "Watakuja kufanya nini?"

"Kumwona. Si amepona?"

"Ulisema akipona aende kwa masista."

"Nilisema, ndiyo. Wakati ule alikuwa mgonjwa, nani angejua? Maneno ya Kwaresima ni ya Kwaresima. Sasa uso kama ule utaupeleka ukafue mashuka ya wazazi?"

"Shemeji," nikasema, "alipokuwa na chunusi ulisema dawa yake ni mume. Sasa hana. Mume wa nini?"

"Sasa ndiyo anafaa!"

"Mama yangu weee," Mwanamkuu akasema, akalipiga goti lake. "Akiwa na chunusi aolewe zikauke, zikikauka aolewe kwa kuwa zimekauka. Mzee, hebu niambie, uso wa mtu ambaye haolewi ukoje, tumtafutie?"

"Wewe funga saumu yako!"

"Nimefunga. Ila masikio hayafungi."

Nikamwambia Ambrosi kwamba ahadi aliitoa mbele ya shahidi, na majivu ya Bwana usoni mwake, na kwamba mimi mjane wa mdogo wake sitamvunjia Sista neno. Akasema mtoto ni wa ukoo. Nikasema ndiyo, ni wa ukoo, na ukoo umeahidi. Akasema habishani na mwanamke. Aitwe mtoto aseme mwenyewe.

Imakulata akatoka chumbani. Amevaa gauni jeupe, kichwa amekifunga kitambaa, uso wote uko wazi. Akapiga magoti.

"Shikamoo, baba mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Tazama ulivyong'aa!" Alifurahi kweli, na hilo ndilo lililonichosha zaidi. Akafungua kibuyu, akamimina kikombe mpaka ukingoni. "Kwaresima imekwisha. Kunywa, kisha umwambie mama yako kwamba Jumapili utakuwepo."

Akakipokea kwa mikono miwili. Nilijua kwamba akinywa, Ambrosi atakuwa amepata jibu la kupeleka Usoke. Mwanamkuu naye alijua. Alikuwa ameacha kucheka. Nilikuwa nimesema yangu yote.

Imakulata akakiinamia kikombe, akakitua chini mbele ya miguu ya baba yake mkubwa, taratibu, lisimwagike tone. Akainuka. Akaenda kwenye mtungi, akachota maji kwa kata. Akatoa kopo nyuma ya picha ya Bikira Maria, akaweka kidonge ulimini, akanywa maji yote mpaka kata ikakauka, na alikuwa hajatia kitu kinywani tangu jana. Akaitundika kata mahali pake. Kopo akalitia sandukuni, akafunga kifuniko, akajitwika, akapita katikati yetu, akatoka, akashika njia ya kwa masista.